Korongo Aliyegeuka

Wiki hii nimeshona bendera mia mbili na kumi.
Nyeusi, manjano, nyekundu,
tena nyeusi, manjano, nyekundu,
hadi nikifumba macho usiku
naona milia tu, kama mtu aliyefunikwa mkeka.

Cherehani iko barazani, hapa Tororo, njia ya Malaba.
Malori yanapita na saruji,
vumbi linatua kwenye nyeusi kwanza.
Nalipangusa. Linatua.
Karani wa wilaya amesema malipo ni baada ya sikukuu.
Ya mwaka jana pia ni baada ya sikukuu.

Bibi Athieno alikuwapo siku ile ya kwanza,
msichana wa miaka tisa.
Hotuba hakumbuki hata neno.
Anakumbuka waligawiwa andazi mojamoja
na kibendera cha karatasi,
kisha mvua ya Oktoba ikaja bila mwaliko,
rangi zikamchuruzika hadi kwenye kiwiko.
"Sikunawa siku mbili," huniambia,
na kila akisema huutazama mkono ule
kana kwamba kuna kitu hakijatoka bado.

Shuleni tulifundishwa:
nyeusi ni sisi, manjano ni jua, nyekundu ni undugu,
na korongo ameinua mguu mmoja
kwa kuwa nchi inakwenda mbele.
Nikamuuliza mwalimu Oboth, atautua lini?
Nikachapwa kidogo. Nikacheka kidogo.

Sasa habari za mguu nazijua.
Wangu huu wa kulia, juu ya kanyagio,
mbele, nyuma, mbele, nyuma, tangu alfajiri,
haujafika popote.
Kitambaa ndicho kinachokwenda.

Jana wamenirudishia moja:
korongo nimemshona akiupa mlingoti kisogo.
"Hii ni dharau," akasema karani.
Nikamwambia ni usingizi.

Leo ndiyo tarehe tisa.
Tarumbeta zinasikika kutoka uwanjani,
na kule mwambani mvua imeshaanza kushuka.
Ile moja nimeitundika dirishani,
maana nyumba ya fundi haina pazia.
Upepo ukiivuta, korongo anatazama ndani:
sufuria, mabaki ya vitambaa,
bibi amelala,
mkono wake nje ya shuka.

Nimfumue, nimgeuze?
Kesho.
Baada ya sikukuu.