Mapaa ya Mjomba Bogumil

Alinipa masharti kabla ya kufunga mkanda:
nisiilaze ndege ubavu bila kumwonya,
nisizime injini kwa mzaha,
nisimwambie mkaza mjomba Jadwiga hadi turudi.
Miaka sabini na mitatu, na hajawahi kupanda
chombo kisichoegemezwa ukutani.
Ngazi aliijua. Ngazi ilimjua.

Tukaondoka Lansing saa mbili asubuhi,
ndege yangu ya viti vinne, rangi ya mtindi,
niliyoinunua nusu kwa nusu na daktari wa meno,
ikakohoa mara mbili, ikakumbuka kazi yake.

Nilikuwa nimepanga kama wapangavyo watembeza wageni:
kwanza ziwa, limetandazwa kama bati jipya,
kisha mto ule ulioamriwa ugeuke, ukageuka,
kisha majengo marefu ya Chikago, bega kwa bega,
kila moja likimchungulia jirani kichwani.
"Tazama, mjomba, lile jeusi!"
Akalitazama kama mtu anayeonyeshwa
picha za harusi ya watu asiowajua.
"Ndiyo," akasema. "Refu."

Ndipo nikapinda magharibi.
Bawa la kushoto likainama juu ya Bridgeport
na mjomba akaachia kiti alichokuwa amekikaba.
"Punguza," akasema. "Punguza mwendo, mwanangu,"
kana kwamba tumo ndani ya lori na tumeipita nyumba.

Mapaa.
Mapaa bapa, meusi, ya kijivu, yenye viraka,
maelfu kwa maelfu, yamelala chali juani:
utosi wa mji,
ambao mji wenyewe haujawahi kuuona.

"Lile la shule: themanini na moja, baridi ya kugandisha mate.
Lile la kiwanda cha soseji tuliliharibu,
tukalirudia bila senti.
Lile lenye tangi linavuja.
Lilivuja nikiwa juu yake, linavuja sasa,
litavuja siku ya maziko yangu.
Mwenye nyumba alikataa kulipia shaba."
Alionyesha kwa kile kidole kisicho na ncha,
akaacha madoa ya mafuta kwenye kioo,
doa moja, paa moja,
hata nikawa nauona mji kupitia alama zake.

"Miaka arobaini na moja," akasema,
"niliyaona moja moja, nimepiga magoti,
pua yangu na lami ya moto.
Sikujua yameshikana."

Halafu akanyamaza.
Chini yetu ghala la matofali mekundu, kando ya barabara ya Archer,
halina lolote, bomba la moshi na ndoo iliyosahauliwa.
Nikauliza, na hapo je?
"Hapo Eusebio Tamez alitaka maji.
Alirudi nyuma hatua moja zaidi."
Injini ikanguruma kwa niaba yetu sote.
"Orofa mbili tu. Sisi hapa tuko futi ngapi?"
Elfu moja na mia tano, nikamwambia.
"Na hatuanguki," akasema,
si kwa sauti ya mtu anayeshukuru.

Nikalizunguka ghala mara moja. Nikalizunguka tena.
Mdhibiti wa Midway akaniita redioni:
nina shida? Nia yangu ni nini pale?
Utalii, nikamjibu.
Akasema sawa, nifurahie mandhari.

Tulipotua upepo ulikuwa umeanza kusukuma kutoka ziwani.
Nikazima kila kitu, nikafungua mlango wa upande wake,
nikamwambia shuka tu, mjomba, ni hatua fupi.
Hakushuka kama abiria.
Akageuka, akaipa dunia mgongo,
akashika fremu kwa mikono miwili,
na mguu wake mmoja ukapapasa hewani polepole
ukitafuta kipago.

Nikasubiri.
Sikumwambia ardhi iko karibu.