Thelathini kwa Mbili

Alifika ndani ya sanduku la magurudumu kama mgeni yeyote,
ila hakuwa na miguu, wala nywele,
kifua cha plastiki na kinywa wazi daima
kama mtu aliyekatizwa katikati ya neno.
Yerko wa mapokezi akamwandika kitabuni:
Don Hilario, chumba namba sifuri,
usiku mmoja, bila kifungua kinywa.
Tukacheka. Hata meneja alicheka.

Mzee Rosamel hakucheka.
Miaka thelathini na mmoja ya zimamoto wa kujitolea
ilimwachia sikio moja na subira nyingi.
Alisukuma meza za chakula ukutani, akatandika blanketi,
na nje upepo wa Punta Arenas ulitikisa mabati
kama mdai aliyechoka kubisha hodi.

"Katikati ya kifua," akasema.
"Kwa uzito wa mwili, si kwa adabu.
Thelathini, kisha pumzi mbili. Thelathini tena."
Meneja akasukuma kama anayebandika stempu.
Nibaldo wa jikoni akasukuma kama anayekanda mkate:
nguvu anazo, mwendo hana.
Kisha mimi, Eduvina wa dobi,
mwenye magoti mabovu na mikono
iliyokamua mashuka ya hoteli hii miaka ishirini na miwili.
Don Hilario akaanza kulia, tik, tik, tik,
ndio mlio wake wa kuridhika.
"Huyu," akasema Rosamel, "ndiye mtakayemwita."
Nikaona haya. Nikafurahi. Nikarudi kwenye mashuka.

Alisema na mengine, nakiri niliyasikia nusunusu:
aliyeungua, usimpake siagi;
mbavu huweza kuvunjika, usiache;
kisanduku cha umeme kile pale ukutani, cha kijani,
kifungueni tu, chenyewe kitawaelekeza.
Tukatia saini. Tukapiga picha.
Baridi ilipoingia, mtu akasogeza stendi ya makoti mbele yake.
Pengine ni mimi.

Agosti, saa nne kasoro robo usiku.
Nilikuwa nampelekea taulo mgeni wa chumba cha saba,
mnunuzi wa sufu, mtu wa maneno machache.
Mlango haukufungwa. Kiatu kimoja mguuni,
kingine mkononi, na yeye sakafuni,
midomo rangi ya bahari ya asubuhi.

Nilipiga kelele, Yerko!
kisha nikapiga magoti yangu mabovu.
Moja, mbili, tatu, nne,
sikusikia tik yoyote,
tisa, kumi,
mtu wa kweli hakusifu,
kumi na saba, ubavu ukalia kama kijiti kikavu,
kumi na nane, nisamehe bwana, kumi na tisa,
na kule chini Yerko akichimba,
koti la manyoya, koti la mvua, skafu, koti, koti,
akitupa sakafuni joto la watu wote
hadi akaliona lile la kijani.

Kisanduku kilisema kwa sauti ya mwanamke
ambaye hajawahi kuchelewa kazini:
Msimguse mgonjwa.
Nikaondoa mikono. Haikuwa na pa kwenda.
Kisha: Endeleeni.

Gari la wagonjwa, dakika kumi na moja.
Kijana mwenye glavu akauliza, "Nani alianza?"
Nikajibu, "Don Hilario."
Akaandika.

Sijui kama aliishi.
Hospitali haina deni la habari kwa mfua mashuka.
Yerko husikia alipelekwa Santiago, Nibaldo husikia vingine.
Sanduku lake lilichukuliwa na mpwa aliyelipa bili,
akatazama zulia, akaenda.
Nami sitamtungia mwisho.

Shuka la chumba cha saba nililifua peke yake.
Alfajiri, kabla meneja hajaamka,
nikaikumbatia ile stendi kama mlevi wa kumpeleka kwao,
nikaisimamisha upande wa pili, karibu na mlango,
penye ufa unaopitisha upepo.

Wageni hunung'unika, makoti yamepoa.
Poleni, nasema.
Ajali haina kinga, sawa,
lakini si lazima tuitundikie makoti.
Meneja amenitajia jambo hilo mara mbili.
Siirudishi.