Skrubu ya Ishirini na Nne

Chumba chenyewe ni sanduku lililosahau kufungwa:
hatua nne toka mlangoni hadi dirishani,
mbili na nusu kwa upana, nikivuta tumbo ndani.
Waliotutangulia waliweka humu baiskeli na meza ya pasi.
Hull, mtaa wa matofali mekundu, mwezi wa pili,
upepo wa mto Humber unapenya chini ya dirisha
ukisaga meno kama mtu anayeota.

Jumatatu alikuja mkunga, Denise, na mkoba wa buluu.
Akapima, akasikiliza, akaandika.
Halafu, akifunga zipu ya koti: "Chumba kiko tayari?"
Kwao ni swali la adabu, kama sisi kuuliza habari za nyumbani.
Mwanaidi alinitazama mimi.
Mimi nikatazama zulia.

Maana jana yake tu mama alipiga toka Muheza,
simu ikikatika, ikirudi, neno lake lisikatike:
"Usinunue mbeleko na mwana hajazaliwa.
Au mmeshasahau mwaka juzi?"

Hatujasahau.
Mwaka juzi tuliwahi. Soksi tu,
za njano, ndogo kama maganda ya njugu.
Zimo kwenye droo ya miiko na upawa,
na tangu hapo droo ile haifunguliwi,
mchuzi tunachota kwa kikombe.

Basi nimefanya nini?
Ukungu wa kona nimeusugua kwa siki na brashi ya viatu.
Karatasi ya ukuta nimeibandua tabaka tatu,
maua, chini yake treni, chini yake maua tena,
mpaka plasta ikatokeza imechubuka
kama goti la mtoto wa shule.
Rangi tulibishania dukani saa nzima;
Mwanaidi alitaka kijani cha embe bichi, akakipata,
ingawa kopo linakiita kitu cha umande.
Nilipaka usiku, nikitoka zamu ya ghala,
dirisha wazi, mikono ikitetemeka,
ili harufu iishe kabla hajaamka.

Jirani, Clifford, alisikia nyundo ukutani kwake.
Hakulalamika. Alileta pimamaji yake,
na kiti cha kubembea, akikipandisha ngazi mwenyewe.
"Jean alinyonyeshea watatu hapa," akasema,
akakipangusa kwa mkono wa sweta, akashuka haraka.
Kimelika mkono wa kushoto tu.

Pazia ni kanga ya mama, iliyofungia viazi vitamu safarini.
Mshono umemeza nusu ya jina lake;
limebaki MGENI NJOO, limetazama barabarani,
na watu wa Hull wanapita chini yake na mbwa wao
bila kujua wamekaribishwa.

Unaona, mama? Kiti cha kuazima. Kanga yako mwenyewe.
Rangi si mbeleko, rangi ni ya ukuta.

Lakini kitanda tulinunua.
Kilikuja bapa ndani ya boksi:
mbao kumi na tisa, skrubu ishirini na nne,
na karatasi ya michoro isiyo na neno hata moja.
Kikaragosi anatabasamu, ana nyundo, hana mama.
Mguu wa kwanza nilifunga kinyume. Nikafungua. Nikafunga.
Ishirini na tatu zimekaza.

Ya ishirini na nne iko mfukoni mwa koti langu la kazi.
Na nyuma ya mlango nimeacha kiraka bila rangi,
kipana kama kiganja,
ili akiuliza mama, akiuliza Denise,
akiuliza yeyote yule anayesikiliza mambo haya,
niseme bila kudanganya: bado.

Mwanaidi aligusa ubavu wa kitanda, ukacheza kidogo.
Akaniangalia, hakusema kitu.

Leo nimerudi alfajiri, viatu mkononi.
Jikoni kuna bakuli langu, limefunikwa,
na ndani ya sufuria ya mchuzi
umesimama upawa.

Sikuuliza.
Nilipapasa mfukoni.
Skrubu ilikuwa imepata joto.