Robo ya Ndege

Nilianza bila injini.
Uwanja wa nyasi nje ya Prienai, Aprili,
theluji bado imejibanza kwenye vivuli vya misonobari.
Mkufunzi Gintautas, pumzi yake kitunguu saumu,
akanifunga mikanda kama afungaye gunia la viazi.
Winchi ikavuta. Pua ikaelekea juu,
tumbo langu likabaki chini, karibu na baiskeli.
Waya ukaachia, tang,
kimya kikaja.

Si kimya kitupu. Upepo ulipiga mluzi kwenye ufa wa kioo,
na sauti nyuma yangu ikasema:
“Tafuta korongo. Yeye hadanganywi na hewa.”

Miaka sita nikala sahani moja na korongo,
joto la ngano iliyovunwa likitupandisha,
wao wakinitazama kama mgeni
aliyekuja mikono mitupu.
Nilitua mashambani mwa watu mara tano.
Mwenye viazisukari alidai euro arobaini za hasara,
kisha akanikaribisha supu baridi, ya rangi ya waridi.
Sijapata kuila tamu vile tena.

Halafu mama akahamia Šilutė, upande wa pili wa nchi,
na glaida haiendi kwa mama.
Glaida huenda panapopanda hewa.

Ndipo tukanunua, watu wanne, ndege moja
ya mwaka sabini na nne, viti viwili, manjano iliyochujuka.
Mkataba tuliutia saini katika kliniki ya Skaistė,
chini ya picha ya jino lililokatwa nusu.
Vaidotas, fundi wa lifti, akasema: haya basi,
na sisi ni shirika la ndege.
Tulicheka. Bili ya kwanza ilikuwa haijafika.

Nina robo. Ipi, sijui.
Bawa la kushoto? Plagi moja kati ya nne?
Au mkia, ambao Butkus aliugonga mlangoni mwa banda
akaapa ni upepo?
Kidole kimoja hakivunji chawa, sawa,
lakini vidole vinne vimebishana rangi mwaka mzima
na manjano iko vilevile.
Jumapili ya kwanza ya mwezi ni yangu. Mvua ikinyesha,
ni yangu pia.

Leo haikunyesha.
Juu ya Jurbarkas nilirudisha injini nyuma, taratibu,
mpaka rafadha ikawa inanong’ona tu,
na bawa la kulia likainuka lenyewe,
kama bega la mtu aliyeitwa jina lake la utotoni.
Korongo tisa. Sikuzunguka nao;
mafuta ni ya watu wanne,
na mama ameshabandika chai.
Nilizunguka mara moja.

Nilipotua, simu ilikuwa na ujumbe wa Vaidotas:
Kiti umekirudisha nyuma?
Miguu yangu ni mirefu.