Fomu ya Tusekile

Tukuyu. Mvua imeshika bati tangu saa kumi
na umeme umekwenda zake bila kuaga.
Nasahihisha kwa taa ya simu niliyoiegemeza kwenye kikombe.
Karatasi yako ni ya kumi na nne. Ndani yake,
imekunjwa mara mbili kama noti ya sadaka,
fomu: "Naomba kubadili tahasusi,
kutoka PCM kwenda PCB."
Sababu: "Hesabu zimenishinda."
Mahali pa saini yangu pana pengo
kama la mtoto wa darasa la kwanza.

Umepata kumi na tisa.
Agosti ulipata kumi na moja, Septemba tisa.
Nimejaribu kupitisha mstari kwenye nukta hizo:
unapanda, ndiyo, lakini kama lori la ndizi
likielekea Isongole, moshi mwingi kuliko mwendo.

Swali la sita nimelifuata kwa kidole.
Umefungua mabano vizuri, umebadili kigeu,
halafu mstari wa tatu alama ya kutoa imedondoka
nawe ukaendelea bila kuikumbuka,
ukurasa mzima, kwa mwandiko wa mtu anayesali,
mpaka kwenye jibu ambalo halipo duniani.
Pembeni, kwa penseli:
"Mwalimu, hili jana nilikuwa nalijua."

Kalamu nyekundu haina alama ya kujibu hapo.

Mama yako alipiga simu Jumapili.
"Nimeuza viazi magunia saba, mwalimu.
Huyu awe injinia, atujengee daraja.
Lile la magogo linaondoka kila masika."
Nikasema ndiyo, mama. Ndiyo ni neno jepesi
mtandao ukiwa unakatika.

Mwaka juzi Ambakisye aliniletea fomu kama hii. Nikasaini.
Leo anapima watu presha Kyela,
kila Pasaka ananitumia salamu, ananiita mzazi.
Lakini Lwitiko naye nilimsainia,
na tulipokutana stendi akageuza uso:
"Ungenikatalia."
Gwamaka nilimkatalia. Akaambulia F.
Sasa anapakia maparachichi, ana gari,
mimi ndiye ninayemwomba lifti.
Nawaambia kila siku pale ubaoni:
mifano, hata ifike elfu, si uthibitisho.

Wanasema mvumilivu hula mbivu.
Hawasemi anakula nini akisubiri.

Sasa nikuambie kitu ambacho ofisini hakisemwi.
Mimi kidato cha sita nilipata S.
S, Tusekile, herufi iliyopinda kama mtu anayeomba radhi.
Sikuacha kwa kuwa niliona aibu kuacha,
usije ukadhani ulikuwa ujasiri;
na ualimu ulinichukua kwa kuwa hesabu hazikuwa na watu.
Miaka mitano baadaye, chaki mkononi,
nikimweleza mtoto wa mtu,
ndipo nilipoielewa integresheni.
Machozi yalinitoka. Darasa lilidhani ni vumbi.

Kwa hiyo sijui.
Jina lako kwa lugha ya nyumbani ni kicheko,
nami tangu Agosti sijakuona ukicheka
isipokuwa siku ile nilipokosea ubaoni:
ulinyoosha mkono nusu, ukaushusha,
ukachekea ndani ya sweta.
Ulikuwa sahihi. Nililiona kosa usiku, kitandani.

Nimesaini.
Tarehe sijaweka.
Kwenye swali la sita nimeirudisha ile alama ya kutoa,
ndogo, palepale ilipodondokea.
Anzia hapo. Maksi hazitaongezeka.
Ukilifikia jibu usiniletee,
kaa nalo kidogo, uone
kama unatamani jingine au unatamani kulala.
Kisha jaza tarehe, au ichane.

Mvua imepungua.
Karatasi ya kumi na tano haina jina.