Kundi na Gundi

Hakodate. Theluji inaanguka tangu alasiri,
nami nimeketi kwenye kigoda kando ya mashine
inayopumua badala ya Kisaburo Aizawa,
fundi wa kurekebisha piano, miaka hamsini na mitatu,
ambaye mafua yalimshuka kifuani
yakaugeuza moyo wake tambara bichi.

Damu inamtoka pajani, imeiva weusi,
kwa mrija mnene kama kidole gumba changu;
inazungushwa, inalishwa hewa,
inarudi nyekundu ya kung'aa.
Lita nne kila dakika.
Nimehesabu hadi hesabu imenichoka.

Damu nzito kuliko maji, husemwa.
Kazi yangu usiku kucha ni kubishana na methali:
heparini, tone kwa tone,
iwe nyepesi, isigande kwenye plastiki.
Kila saa namulika tochi pembe za pafu la bandia,
natafuta kidoa cheusi
kama mbegu ya ufuta.
Nikizidisha dawa, anavuja yeye.
Nikipunguza, inaziba mashine.
Hapo katikati pana njia
nyembamba kama waya wa piano,
na chuoni hawakunifundisha sarakasi.

Jana alianza puani.
Kisha penye mrija: bandeji ya tatu, ya nne.
Daktari Nukada akasimama mlangoni na karatasi ya maabara,
akasema kama anayesoma hali ya hewa,
"Ni kundi la O. Hawa gundi yao haba."

Alimaanisha ile protini ndefu, kamba yenye kunata
inayozidaka chembe za damu penye ufa.
Watu wa O huzaliwa nayo pungufu, robo hivi,
wala hawajui; wanajikata wakinyoa ndevu,
wanabandika kipande cha karatasi, wanaenda kazini.
Ila pampu yetu huisokota kamba hiyo
hadi ikatike vipande,
na asiye na akiba ndiye wa kwanza kuhisi njaa.
"Labda," akaongeza Nukada. "Tafiti hazijapatana."
Hiyo labda nikaitia mfukoni
pamoja na tochi.

Hapa kwetu watu huulizana kundi la damu
kama kwingine wanavyoulizana nyota.
Misuzu, mkewe, anayajua yote:
wa O wana mkono wazi, hawaweki kinyongo,
husahau kulipa bili ya umeme.
Akanitolea kadi ya mchangiaji, imechakaa pembeni.
Mara arobaini na moja.
"Yake inamfaa karibu kila mtu.
Yeye hupokea ya wenzake wa O tu.
Wewe unaiona haki hapo?"
Nilijifanya nasoma kipimo cha shinikizo.

Kutoa ni moyo, si utajiri.
Moyo umelala, na bado anatoa:
kwenye shashi, kwenye shuka,
kwenye chupa iliyoning'inia chini ya kitanda.

Saa nane usiku mfuko wa sita ukaletwa,
baridi bado, herufi O nene kama tairi,
na namba ya mtu ambaye hatutamjua kamwe,
pengine naye bili ya umeme hajalipa.
Nukada akaamua: tufunge heparini hadi alfajiri.
Tufunge, tuone.

Basi ikabaki mashine na bahati yake.
Nikamulika. Nikakaa. Nikamulika.

"Na wewe kundi gani?" Misuzu akauliza gizani.
Nilidhani amesinzia.
"A."
"Aa." Akavuta kiti karibu, miguu yake ikagusa waya, akaiondoa upesi.
"Watu wa A waoga. Wakishafunga mlango
hurudi mara tatu kuujaribu kitasa."
Sikujibu; ni kweli, na asubuhi hiyo nilirudi mara nne.
Akanyoosha kidole kwenye pembe ya chini,
ile ya kushoto, ambako mwanga haufiki vizuri.

"Rudi tena pale," akasema.