Shati la Dahyabhai

Miaka thelathini na moja nimeliinamia gurudumu,
taa utosini, lenzi jichoni,
nikisugua almasi zisizofika punje ya mtama,
wala si zangu.
Hapa Surat jiwe hutoka liking'aa,
mtu hutoka amepinda.

Manjula, mke wangu, ndiye aliyeliona kwanza.
"Shati lako nyuma limepanda, mbele linafagia."
Fundi cherehani akacheka na kumung'unya tambuu,
akapunguza mbele, akaongeza nyuma vidole viwili.
Nikalivaa.
Nani atabishana na kitambaa?

Kokilaben hufundisha darini, juu ya duka la nyuzi za zari.
Mstaafu wa simu za mezani,
sauti yake bado ni ile ya "subiri, nakuunganisha".
"Lala kifudifudi. Viganja chini ya mabega.
Sasa inua kifua, kama swila aliyesikia mlango."

Niliinua pua.
Pua peke yake.

Samaki hukunjwa angali mbichi, nikamwambia,
mimi nimekaushwa kwa taa ya umeme.
"Mkavu hulowekwa," akajibu,
akanisukumia gilasi ya maji kwa mguu.
"Na usiusukume huo mgongo. Uite."

Niuite nani? Sikuwahi kusema nao
ila usiku, kwa matusi.
Nikavuta pumzi.
Pingili moja ikalia, ko,
kisha jirani yake, kisha kimya kirefu,
kisha mbili kwa pamoja, kama wazee wanaokohoa msibani.

Wiki ya saba kidevu kikapita kizingiti cha dirisha
nikaiona dari:
doa la maji lenye umbo la figo,
mjusi akimvizia mbu,
feni yenye vumbi la tangu Diwali ya mwaka juzi.
Nikajiuliza, dari ya kiwandani ni ya rangi gani?
Sikujua.

Kesho yake nikatazama. Kijani.
Bhikhu wa gurudumu la nne akatazama nilikotazama,
akaruka kitini akidhani ni moto.

Msidhani nimenyooka.
Asubuhi jiwe huniita chini nami huitika,
maana jiwe halimpandii mtu.
Jioni nairudia njia ile ile kinyumenyume,
tumbo mkekani, nyayo zimelala, kifua juu,
na kiuno cha kushoto kinanilaani, hapo karibu na pochi.
Kuna siku nafika. Kuna siku
nabaki na ile pua.

Lakini jana shati liligoma.
Nyuma linafagia, mbele linaonyesha kitovu.
Manjula, pini mdomoni, hakusema kitu.
Alinisimamisha chini ya balbu, akanigeuza polepole,
huku na huku,
kama mnunuzi ageuzavyo jiwe kwenye mwanga
akitafuta doa.